Kitabu Ulichomsomea Paskali

Furaha, mwanangu,

Umeenda kuagana na wenzako wa kwaya, na mimi nimefunga duka mapema. Nimekaa hapa nyuma ya mizani, kati ya katoni za makayabu, samaki wetu wa chumvi, na madumu ya mawese, ninaandika juu ya karatasi ileile tunayofungia samaki. Basi lako la Cape Town linaondoka kesho asubuhi. Mambo ya blanketi, ya chakula, ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, tumeyasema mpaka umechoka, na sitayarudia. Nataka kukuandikia habari ya siku moja ambayo hukuwepo. Ulikuwa kwenye mtihani. Kaka yako hakukusimulia, na najua hatakusimulia. Ila siwezi kufika kwenye siku hiyo bila kupitia kwenye kile kitabu.

Unakumbuka kilivyoingia nyumbani. Mwalimu Naidoo aliwagawia riwaya ya Kiingereza ya mwaka wa mwisho, ukaja nayo, ukaanza kusoma pale mezani jikoni. Mimi nilikuwa nachambua majani ya sombe. Nikakuambia kama siku zote, "Nisomee na mimi, geuza kwa Kiswahili, nisikie wanawafundisha nini." Ukanigeuzia. Kijana mweusi wa zamani, wakati wa sheria za ubaguzi, alikatisha njia kwenye shamba la mzungu, wakamwita mwizi, wakampeleka shule ya kurekebisha tabia huko kwenye mashamba ya miwa. Watoto wa kizungu wa shule hiyo walikaa juu kilimani, wakifundishwa useremala, vitanda vyao vina mashuka. Weusi walikaa chini, wanakata miwa, na aliyejibu alifungiwa chumba cha nyuma ya dobi, ile nyumba ya kufulia nguo.

Mkono wangu ulisimama ndani ya majani. Wewe uliendelea kusoma, polepole kuliko kawaida yako, bila kuinua macho. Hapo ndipo nilipojua kwamba unajua.

Miaka yote hiyo nilidhani hujui. Ulikuwa hujaanza shule. Baba yenu alikuwa amekwisha kufa, na Paskali alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikwenda Overport na wenzake watatu wa darasani, wawili Wahindi na mmoja mzungu, kula ule mkate uliojazwa mchuzi. Simu ikapotea ndani ya gari lililoegeshwa mbele ya maduka. Mlinzi akawashika wote wanne. Wakawapekua, na simu haikuonekana kwa yeyote. Wazazi wa wale watatu walikuja, mmoja akiwa na wakili, na kabla jua halijazama watoto wao walikuwa nyumbani wanakula. Mimi nilikuja na karatasi ya ukimbizi iliyokuwa imepitwa na muda, kwa sababu ofisi ya kuifanya upya ilikuwa imefungwa. Polisi aliitazama karatasi, akamtazama Paskali usoni, akamwambia mwenzake, kwa lile jina wanalotutukania sisi wageni, "Ni huyu. Hawa makwerekwere ndiyo kazi yao." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia kesho kutanyesha.

Mahakamani hakimu aliongea kwa upole kabisa. Alisema mtoto hana uangalizi wa kutosha, na shule ile itamfaa. Wakampeleka mbali, upande wa milima, akakaa huko karibu miaka miwili.

Watu wa kanisani niliwaambia yuko Pretoria kwa mjomba wake, anasoma. Wewe pia nilikuambia hivyo. Uliniuliza kama Pretoria iko bahari, nikasema hapana, ukamwonea huruma. Na aliporudi, amekonda, amekuwa mrefu, nilimpikia fufu na sombe, nikamwambia, "Ile imekwisha. Tusiiseme tena. Kula." Nilidhani nampa dawa. Katika amri zote nilizowahi kumpa mwanangu, hiyo ndiyo aliyoitii kuliko zote.

Umekua ukimwona hivyohivyo, kwa hiyo labda kwako ni tabia yake tu. Mtu yeyote akiingia chumbani, hata mtoto wa jirani, anasimama. Funguo zikianguka, anaacha kutafuna. Na akilala anaita, "Lungelo. Lungelo." Mimi Kizulu changu ni cha kuuzia samaki, na najua lungelo ni haki. Nikadhani mwanangu anadai haki yake usingizini. Nikawa namwomba Mungu amtulize asidai sana, kwa sababu sisi hapa ni wageni. Fikiria maombi ya namna hiyo, mwanangu. Niliomba hivyo miaka mingi.

Basi siku ile uliposoma ile sura ya chumba cha nyuma ya dobi, jinsi askari walivyomburuta yule kijana huku wakifoka, kaka yako alikuwa amesimama kwenye korido, kiatu kimoja mkononi, anajiandaa kwenda kazini. Hatukujua amesimama muda gani.

"Hapo wamekosea," akasema. "Kule hakuna mwenye kufoka. Kule iko kimya."

Akavaa kiatu, akatoka.

Mimi nilikasirika. Nilikasirikia kitabu, nikakukasirikia wewe, na kesho yake nikapanda taxi mpaka shuleni kwenu bila kukuambia. Nilimkuta Mwalimu Naidoo anasahihisha. Nilimwambia kwa Kiingereza changu kilichovunjika kwamba nyumbani kwetu kitabu hicho hakifai, ampe mwanangu kingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea kiti.

"Naweza kumpa kingine, mama," akasema. "Leo hii. Lakini leo asubuhi ameniomba akae nacho siku za likizo pia. Kuna mtu nyumbani amemwomba amsomee chote."

Nilimuuliza ni nani, ingawa tulikuwa watatu tu nyumbani na sikuwa mimi.

Nilikaa kwenye kiti kile muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Yeye akaendelea kusahihisha, hakunifukuza na hakunihubiria. Nilipoinuka nilimwambia tu asante, na sikusema lolote zaidi juu ya kitabu kingine.

Mkasoma. Jumapili baada ya ibada, wewe mezani, yeye amekupa mgongo, anapiga pasi. Alipiga pasi nguo za nyumba nzima, akimaliza anazirudia. Hakuwa akisema kitu ila mara mojamoja. Siku moja ulipofika mahali wale wa kilimani wanapewa viatu vipya, alisema, "Kwetu hakukuwa na kilima. Wale wa kilimani walirudishwa nyumbani siku ileile." Wewe hukujibu. Uligeuza ukurasa. Nilikupenda sana kwa kutojibu kule, na sijui kama nimewahi kukuambia.

Kisha mkafika mwisho. Yule kijana hatoki. Mwandishi anasema asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, na miwa ilikatwa kama kawaida. Ukafunga kitabu. Paskali alisimamisha pasi, akauliza bila kugeuka:

"Na mama yake? Nani alimwambia?"

"Kitabu hakisemi, Yaya," ukamjibu kaka yako.

"Hakisemi kabisa?"

"Kimeishia hapo."

Nguo ikaanza kuungua. Ulinyanyuka ukachomoa waya wa pasi, na yeye akakaa chini sakafuni, ameegemea friji, akaanza kusema. Uliyasikia yote siku ile pamoja na mimi, kwa hiyo sitayaandika marefu. Kwamba Lungelo ni mtu. Kwamba alikuwa kijana wa Cato Manor, kitanda chake kando ya cha Paskali, na alikuwa na pumu. Kwamba alimjibu mlezi mmoja, wakamweka kwenye stoo ya nyuma ya dobi wakati wa baridi, na Paskali aliyekuwa akifua upande wa pili wa ukuta akasikia kifua chake kinapiga filimbi. Alipiga mlango, wakampiga yeye. Akarudi kufua, kwa sababu aliamriwa, na filimbi ikawa inapungua mpaka ikanyamaza. Kesho yake wakasema Lungelo ametoroka. Na Paskali wakamwambia, "Wewe huna karatasi. Ukifungua mdomo, mama yako anapandishwa ndege."

Alirudi nyumbani na hilo kifuani, na mimi nikamwambia tusiiseme tena. Kula.

Ni wewe uliyesema twende kwao Lungelo. Mimi niliogopa Cato Manor. Mzulu gani angependa kuona Wakongo watatu wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za mtoto aliyepotea? Nilikuwa nimeona maduka ya wenzetu yakichomwa, na niliwaza hayo njia nzima. Paskali aliijua nyumba bila kuwahi kufika, kwa jinsi Lungelo alivyokuwa akimsimulia, kanisa la bluu, kisha ngazi za saruji, kisha nyumba yenye tangi la maji. Bibi yake Lungelo, Gogo kama wanavyomwita kwao, alitupokea kwa mashaka. Kabla hata hatujaeleza, alisema mjukuu wake yuko Johannesburg, ana kazi nzuri, simu tu ndiyo imeharibika. Alipotamka Johannesburg nilitazama chini. Niliitambua Pretoria yangu.

Paskali alisema kwa Kiswahili, wewe ukageuza kwa Kizulu. Kizulu anakijua, lakini siku ile kilimkataa. Gogo alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza. Paskali alipomaliza, Gogo akauliza jambo moja tu, kama mjukuu wake aliita jina la mtu yeyote.

Paskali akasema, "Hakuita mtu. Hakuwa na pumzi."

Furaha, hapo nilitaka kukubana mkono chini ya meza. Nilitaka useme aliita bibi yake. Ni neno moja tu, na nani angejua? Nilidhani unalitafuta hilo neno. Kisha ukageuza kama ilivyosemwa, bila kuongeza kitu. Nilikuwa na hasira na wewe mpaka Gogo alipofungua mdomo.

"Ni yeye," akasema. "Tangu mtoto. Kifua kikimbana hasemi kitu, anakutazama tu. Wengine wote walionijia walisema aliniita."

Kumbe wengine walikuwa wamemjia, manabii na waganga, kila mmoja na uongo wake mtamu. Ni kile kitu kikavu ulichokigeuza bila sukari ndicho kilichomwonyesha kwamba anayesimuliwa ni mjukuu wake kweli. Mimi ningempa neno zuri, na angetufukuza. Utakuwa mwalimu, kesho kutwa watoto watakuwa mbele yako. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia.

Ya polisi unayajua. Paskali alitoa maelezo yake, jalada likafunguliwa, mlezi yule haonekani, shule yenyewe ilifungwa zamani, na kila tukipiga simu tunaambiwa tusubiri. Walichimba nyuma ya dobi siku mbili, hawakupata kitu. Labda hawatapata.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe.

Gogo alisema hawezi kungoja polisi. Watu wao wana desturi ya kwenda kumchukua marehemu mahali alipofia, kwa tawi la mkunazi, lile la miiba, na kumleta nyumbani roho yake ikiwa imeshika tawi. Alimwomba Paskali awaonyeshe mahali. Mimi ni Mkristo, unanijua, nilisema mambo mengi. Kaka yako alinisikiliza, akasema, "Mama, mimi nitaenda." Nikaenda naye. Wewe ulikuwa na karatasi ya historia asubuhi ile, nikakuambia tunaenda kununua mali ya duka. Uongo huo nao nakuomba uufute.

Tulikuwa wanne, Gogo, kaka yake mzee aliyebeba tawi, Paskali na mimi. Mahali pale pamebaki kuta. Nyasi zimefika kiunoni, mbuzi wamelala madarasani. Paskali hakuuliza njia. Alitembea mbele yetu kwa hatua ambazo sikuwahi kumwona akitembea nazo, fupi na za haraka, macho chini, na nilijua ndivyo alivyotembea humo akiwa mtoto. Akatuonyesha stoo. Haina mlango tena. Ndani ni padogo, Furaha. Mtu mzima akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili.

Mzee aliingia, akalaza tawi sakafuni, akaanza kumwita Lungelo kwa majina ya ukoo wake, moja baada ya jingine, bila haraka. Paskali hakuingia. Alizunguka upande wa pili, mahali masinki ya kufulia yalipokuwa, akaweka kiganja ukutani. Mimi na Gogo tulisimama katikati, tunawaona wote wawili.

Sitakuambia kwamba nilisikia kitu. Upepo ulikuwepo, na paa lina matundu. Nitakuambia nilichoona. Paskali aligeuza kichwa ghafla kuelekea pembe ya chini ya ukuta, karibu na sakafu. Na Gogo, ambaye hakuwa anamtazama Paskali, akageuza kichwa pembe ileile. Mzee akanyamaza. Tukakaa hivyo mpaka kukawa kimya, na nilielewa kimya alichokisema mwanangu kwenye korido. Nimekisikia mara moja tu na bado nakisikia nikifunga duka.

Mzee akainua tawi, akasema, "Twende nyumbani, mtoto."

Tulirudi kwa taxi ya abiria, na Gogo alimlipia Lungelo kiti. Tawi likawekwa juu ya kiti hicho, kando ya dirisha, na Paskali akakaa kando yake. Mzee hakuzungumza na mtu mwingine njia nzima. Alizungumza na tawi tu. "Lungelo, tunavuka mto." "Lungelo, hapa barabara inapinda." Mwanamke mmoja alipanda njiani na mizigo yake, akaona kiti, dereva akamwambia kuna mtu. Yule mama alitazama tawi, akasema samahani kwa kile kiti, kwa adabu kama anavyosemeshwa mkwe, akasimama na mizigo yake mpaka alikoshukia. Tulipoingia mjini tukasimama kwenye robot. "Lungelo," mzee akasema, "ni taa nyekundu. Tunangoja kidogo."

Kaka yako alikuwa analia. Hakujificha, na hakuna mtu kwenye gari aliyemtazama.

Cato Manor ndugu walikuwa wamejaa uani. Njia ikafunguliwa. Gogo akasimama kwenye kizingiti, akasema, "Lungelo, hapa ni nyumbani. Ingia." Mzee akaingia na tawi, wote wakaingia nyuma yake wakiimba taratibu. Paskali alibaki getini. Nilidhani anaona haya, mgeni kati ya watu wenye msiba wao. Nikamwendea, na nilipomwona macho nikajua hayuko pale. Nilimwita, hakunisikia. Mimi mama yake nilimwita kwa jina na hakunisikia.

Gogo alirudi nje. Alikuwa amemwacha mjukuu wake ndani, akarudi. Alimshika mwanangu mkono, akamwambia kwa Kizulu, kwa sauti ileile ya mzee kwenye gari, "Paskali, tumevuka mto. Tumepita mjini. Hapa ni Cato Manor, ni kwa bibi. Wewe pia toka kule. Ingia."

Akasubiri. Akarudia tena, mto, mji, nyumba. Mara ya tatu Paskali alivuta pumzi, akamtazama kama mtu aliyeshushwa garini usingizini, akaingia.

Mimi nilibaki getini peke yangu. Miaka kumi na zaidi mwanangu amekuwa nyumbani kwangu, anakula sahani zangu, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna haja ya mtu kurudi kumchukua. Ukikutana na mtu wa namna hiyo huko unakokwenda, awe mwanafunzi wako au mtu wa jirani, sina mafundisho ya kukupa. Nakupa hii siku tu.

Paskali hajapona. Bado anasimama nikiingia chumbani, bado kuna usiku anaita. Lakini juzi, tukipanga samaki, aliniambia bila kuulizwa kwamba Lungelo alijua kuiga sauti ya mkuu wa shule, namna alivyokuwa akisafisha koo kabla ya kuomba, na kwamba bweni zima lilikuwa likicheka chini ya blanketi mpaka vitanda vinatikisika. Akaniigia hiyo sauti. Akaigiza vizuri, akacheka, na mimi nikacheka mpaka nikaweka kisu chini. Sikuwa najua kwamba kule walicheka. Sikuwahi kumuuliza.

Muulize kesho, mkiwa mnangoja basi. Mwambie akuigie.

Mama yako